Programu ya Simu na Hesabu ya Makanga

Mimi huweka hesabu za sacco, yaani ushirika wa wenye matatu, jijini Nairobi. Nilizaliwa Kisauni, Mombasa, nikapanda basi kuja bara kusomea uhasibu, na tangu hapo riziki yangu imetoka kwenye viti vya abiria. Vikijaa, mishahara ya ofisi yetu hutoka mapema. Vikikaa wazi, simu ya mwenye gari hulia mezani kwangu kabla sijanywa chai. Kwa hivyo mtu anaponiletea habari za usafiri wa kidijitali, sianzi kwa kuuliza programu yake inafanya maajabu gani. Nauliza nauli ikishalipwa inalala mfuko wa nani.

Wauzaji wa programu hawalipendi swali hilo. Huja ofisini wakiwa nadhifu, kompyuta begani, wakafungua picha za miji ambako kila basi lina saa yake. Nawakaribisha, nawaagizia chai, halafu nawauliza. Wengi hujibu kwamba hilo litatazamwa baadaye. Kwa tuliomo kwenye biashara hii, hilo ndilo la mwanzo. Historia yote ya Nairobi ya kuingiza simu ndani ya matatu, tangu ramani hadi kadi hadi mabasi ya umeme, husomeka vizuri zaidi ukiwa na daftari la mapato mkononi.

Kiti cha pamoja

Kabla ya simu, kuna kiti. Chukua matatu ya abiria 33 iliyojaa, inatoka Buruburu saa moja asubuhi. Wateremshe watu hao uwapakie kwenye magari madogo, wawili wawili, nawe utahitaji magari 17. Kwenye msongamano wa Jogoo Road, ukihesabu mita 7 kwa kila gari pamoja na nafasi iliyo mbele yake, msafara huo utatanda karibu mita 120. Matatu yenyewe haifiki mita 12. Mafuta nayo ni vivyo hivyo: injini moja kwa injini 17, zote zikinguruma palepale bila kusonga.

Wataalamu wakisema usafiri endelevu, wana maana hiyo: watu wengi kwenye nafasi ndogo, moshi mchache, nauli inayolipika. Na Nairobi haihitaji kuuagiza kutoka ng'ambo. Tafiti za usafiri wa jiji hili zimeonyesha kwamba karibu safari nne katika kila kumi hufanywa kwa miguu, na nyingine karibu nne kwa matatu. Magari ya kibinafsi, yanayojaza barabara na kujaza hotuba za viongozi, hubeba sehemu ndogo tu ya watu. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, lakini waulize watu wanaovuka Outer Ring Road na magunia ya mboga kichwani kama wameiona hiyo asilimia.

Kwa hiyo kazi ya tekinolojia hapa ni kukifanya kiti kilichopo kijulikane kilipo, kilipike bila ugomvi, na kisizurure mjini kikiwa kitupu. Kazi ndogo, mtu angedhani.

Ramani iliyochorwa kwa kupanda gari

Kampuni ya Kenya Bus Service ilianza kazi Nairobi mwaka 1934, na ndiyo iliyozipa njia za mji nambari. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, nazo polepole zikazirithi njia za mabasi pamoja na nambari zake, kisha zikaongeza njia nyingine kila mtaa mpya ulipochipuka. Kila mkazi wa Nairobi anajua kwamba 58 ni Buruburu, 111 ni Ngong, 46 ni Kawangware, 9 ni Eastleigh. Lakini hakukuwa na ofisi yenye orodha kamili inayoaminika. Leseni zilitaja njia, ila njia ya kwenye karatasi na njia ya barabarani ni kama ndugu wasiosalimiana. Mgeni akitaka kujua gari la kwenda Dandora linapakia wapi, ramani yake ilikuwa mdomo wa kamagera, mpiga debe wa stejini.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ndogo ya ubunifu iitwayo Groupshot, kilianza mradi wa Digital Matatus. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza. Wanafunzi walipanda matatu, njia moja baada ya nyingine, mfukoni wakiwa na simu yenye GPS. Simu iliandika mstari wa safari, na mwanafunzi akaandika jina la kila steji kama abiria walivyoliita: Odeon, Kencom, Ambassadeur, Koja. Ukitazama kwa makini, kazi hiyo haikumtaka makanga abadilishe chochote. Aliendelea kupiga kelele zake mlangoni, na mmoja wa abiria wake akawa anaandika.

Walipomaliza walikuwa na njia zaidi ya 130. Januari 2014 wakatoa ramani, na yeyote aliyeitaka aliichukua bure. Waliichora kwa mtindo ambao Harry Beck aliutumia kwa reli za chini ya ardhi za London mwaka 1933: mistari iliyonyooshwa, rangi moja kwa kila mwelekeo mkuu, kona zilizosawazishwa ili jicho lisichoke. Kwa mara ya kwanza fujo tuliyoizoea ilionekana kuwa ina mpango.

Chini ya ramani hiyo kuna kitu ambacho abiria hakioni, nacho ndicho chenye thamani kubwa. Takwimu zote zilihifadhiwa katika mfumo uitwao GTFS. Mfumo huo ulizaliwa mwaka 2005 huko Portland, Marekani, pale Bibiana McHugh wa shirika la usafiri la TriMet aliposhirikiana na Google ili mtu aweze kutafuta safari ya basi kwenye simu au kompyuta kama anavyotafuta njia ya gari lake. Usiogope jina. GTFS ni mafaili ya maandishi matupu yaliyofungwa pamoja: moja lina vituo na mahali vilipo, jingine lina njia, jingine safari, jingine saa za kufika kila kituo. Karani yeyote anayejua jedwali anaweza kuyasoma. Kwa kuwa miji mingi duniani inaandika kwa mfumo mmoja, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya mji mmoja inaweza kuusoma na mwingine.

Tatizo lilikuwa faili la saa. Mfumo ule ulitungwa kwa mabasi yenye ratiba, na matatu huondoka ikijaa. Timu ya Nairobi ilikadiria gari hupita kila baada ya dakika ngapi, ikajadiliana na watunzaji wa mfumo ili uweze kupokea usafiri usio na saa maalumu. Mwaka 2015 njia za matatu zikaingia kwenye Google Maps. Mbinu hiyohiyo ya kupanda gari na kuandika ikatumika pia katika miji mingine, ikiwemo Amman, Kampala na Accra.

Ramani iliwasaidia wageni, lakini faida yake kubwa niliiona kwingine. Wenye magari na wapangaji wa mji waliona kwa macho yao kwamba karibu mistari yote inamiminika tao, yaani katikati ya mji. Mtu wa Kawangware anayefanya kazi Eastleigh hushukia katikati ya mji, hutembea kutoka steji moja hadi nyingine akipenya kwenye umati, kisha hulipa nauli ya pili. Njia zinazozunguka mji bila kuugusa moyo wake zilikuwa za kuhesabika. Siku hizo madereva wenyewe walianza kuijadili ramani na kutaja njia mpya zinazoweza kufunguliwa.

Wasioitazama ramani walijifunza kwa miguu. Desemba 3, 2018 kaunti ilizuia matatu zisiingie katikati ya jiji, ziishie kwenye vituo vya pembezoni. Asubuhi hiyo watu wazima, wajawazito na wanafunzi walitembea masafa marefu kwenda kazini na shuleni, na katazo halikudumu. Kwenye mji ambao njia zote hukutana sehemu moja, huwezi kuifunga sehemu hiyo kabla hujafungua njia za kuizunguka.

Sasa rudi kwenye swali langu. Ramani ilichukua pesa za nani? Haikuchukua za mtu yeyote. Haikugusa mfuko wa makanga, wala wa dereva, wala wa mwenye gari, ndiyo maana hakuna aliyeipiga vita. Lakini swali hilohilo linaonyesha udhaifu wake. Steji huhamishwa, barabara mpya hufunguliwa, sacco hufa na nyingine huzaliwa, na kila mabadiliko yanahitaji mtu wa kuyaandika. Kisichomlipa mtu mjini humu huchakaa upesi. Kwa maoni yangu kazi hiyo ni ya serikali: sacco ikiomba leseni ya njia, iwasilishe njia hiyo ikiwa imerekodiwa kwa simu, nayo ofisi iichapishe wazi. Gharama yake ni nauli ya kwenda na kurudi.

Kadi iliyogonga mwamba

Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay. Abiria angeweka pesa kwenye kadi, aiguse kwenye simu ya makanga, nauli ikatwe. Baadaye serikali ikaweka sheria: kufikia Julai 1, 2014 matatu zote ziache kupokea pesa taslimu. Kadi za aina kadhaa zikachapishwa, mashine zikanunuliwa. Tarehe ikafika ikapita, ikasogezwa mbele, na mwishowe makanga wakaendelea kukunja noti kati ya vidole kama kawaida. BebaPay ilifungwa mwaka 2015.

Magazetini ilisemwa kwamba sekta ya matatu haitaki maendeleo. Maneno hayo yalinichekesha, kwa sababu makanga haohao walikuwa wakituma pesa kwa M-Pesa kila jioni, huduma waliyoizoea tangu mwaka 2007. Hawakuikataa simu. Waliikataa hesabu iliyofichwa ndani yake, na ili uielewe lazima nikufungulie daftari.

Matatu nyingi za Nairobi huendeshwa kwa tageti. Tuseme ni gari la abiria 33 na mwenye gari anataka shilingi 8,000 kila jioni. Dereva na makanga wanalipokea alfajiri likiwa na deni hilo. Wanaweka mafuta, tuseme ya 6,000. Kuna ada ya sacco. Kuna kamagera katika kila steji anayeita abiria na kudai chake. Kuna kijana wa kuosha gari. Kuna chai ya barabarani, ambayo haina risiti na ambayo sijui niiandike kwenye safu gani. Wakishalipa hayo yote, na ile 8,000 ikiwa pembeni, kinachobaki ni chao wawili. Mvua ikinyesha na mji ukasimama, huenda kisibaki kitu. Mwenye gari hupata chake vyovyote iwavyo. Hasara ya siku mbaya hubebwa na wenye kazi.

Ukijua hilo, mambo mengi yanayokuudhi barabarani yanaeleweka. Gari linasubiri stejini hadi lijae kwa sababu kiti kitupu kinatoka mfukoni mwa makanga. Dereva anapanda ukingo wa barabara kwa sababu safari moja ya ziada ndiyo itakayomlipa. Nauli inaruka mawingu yakitanda kwa sababu saa hiyo ndiyo ya kufidia mchana uliokauka. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na mwaka 2010 serikali ikataka kila gari liwe ndani ya sacco au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Zote mbili zilisaidia. Hakuna iliyogusa tageti.

Sasa weka kadi juu ya mpango huo. Kila shilingi inaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari. Dereva na makanga waliokuwa wakikigawana kilichobaki wanageuka waombaji mlangoni kwa mtu ambaye hajawahi kuwaandikia mkataba. Kamagera hana mashine ya kadi, na chai ya barabarani hailipwi kwa kugusa. Mtoza ushuru naye anaanza kuona kila kitu. Ungekuwa wewe ndiye makanga, nawe ungesema mashine imeharibika.

Simu iliyopitia mlango mwingine

Pesa za simu hatimaye ziliingia kwenye matatu, ila hazikuingia kwa amri. Machi 2020, korona ilipofika Kenya, watu waliogopa kushika noti, na Safaricom ikaondoa kwa muda ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000. Ghafla kutuma nauli hakukuwa na gharama. Makanga wakaanza kutangaza nambari zao za simu kwa sauti ileile ya kutangaza njia, wengine wakazibandika nyuma ya viti. Hofu ilipopungua, mazoea yalibaki.

Angalia tofauti. Kadi ilimpokonya makanga pesa. M-Pesa ilimfikishia mkononi. Abiria hakuhitaji kununua kitu kipya, makanga hakuhitaji mashine, na chenji, chanzo cha nusu ya matusi ya Nairobi, ikakoma kuwa tatizo. Yapo mapya: mtandao hupotea mnapofika Muthurwa, na wapo abiria wanaolipa, wakishuka wanaomba pesa zirudishwe kana kwamba walikosea nambari. Hata hivyo mfumo umesimama, kwa kuwa kila aliyemo ndani ya gari anaona faida yake.

Kwetu tulikwenda hatua moja mbele, tukafungua nambari ya malipo ya kila gari badala ya ile ya makanga. Haikuwa rahisi. Wenye kazi walikubali kwa sharti moja: walipwe jioni ileile, kabla ya kurudi nyumbani, bila kuambiwa benki imefungwa. Tulipolitimiza hilo, nikapata kitu ambacho hakuna muuzaji wa programu aliyewahi kunipa. Taarifa ya malipo ya gari inaonyesha saa ya kila nauli. Kwa kuitazama tu naona abiria wanapofurika na wanapokauka, naona kwamba baada ya saa tatu asubuhi magari yetu yanafuatana tao yakigombania watu wachache, huku jioni watu wakipanga foleni hadi usiku. Basi mchana baadhi ya magari hupumzika au huenda gereji, na jioni yote hurudi barabarani. Mafuta yanayookolewa hapo hayahitaji mkutano wa kimataifa wa tabianchi.

Majirani wamefanyaje

Wapo wanaotuuliza kwa nini kadi imewezekana Kigali. Huko kampuni ya AC Group ilianzisha kadi ya Tap&Go mwaka 2015, na abiria wakaizoea. Lakini tazama kilichotangulia. Jiji lilikuwa limekwisha kugawa njia zake kwa kampuni chache kwa mikataba, na dereva wa kampuni huajiriwa. Kadi ilipofika haikuwa na mfuko wa mfanyakazi wa kuuvamia.

Dar es Salaam ilichagua kuanza na barabara. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kupita kwenye njia yao wenyewe ya kilomita kama 21 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi yake. Tiketi hununuliwa kituoni kabla ya kupanda, hivyo basi halisimami kusubiri chenji. Mwaka 2018 jiji hilo lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Abiria wa Dar watakwambia pia habari za mabasi machache na kubanana vituoni, na wana haki. Lakini basi likipata njia yake, foleni ya magari madogo pembeni hailihusu. Nairobi ilianzisha mamlaka yake ya usafiri wa jiji, NaMATA, mwaka 2017, na imekuwa ikiahidiwa mabasi ya namna hiyo. Kilichokamilika kwa haraka ni barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022. Programu bora kuliko zote haiwezi kuliharakisha basi lililokwama nyuma ya gari la mtu mmoja.

Hilo linatuleta kwenye teksi za simu. Uber ilifika Nairobi Januari 2015, Little ya hapahapa ikafuata mwaka 2016, na nyinginezo. Nami huzitumia usiku, nikitoka msibani au hospitalini, na nashukuru. Ila tusizihesabu kama dawa ya msongamano. Gari lile humbeba mtu mmoja, kisha huzunguka likiwa tupu kumtafuta mwingine. Nako swali la mfuko halijaisha: ilibidi serikali mwaka 2022 iweke kikomo cha asilimia 18 kwa kile ambacho kampuni ya programu inaweza kumkata dereva. Kampuni ya Swvl kutoka Misri ilijaribu kitu kinachokaribia matatu, viti vya basi dogo vilivyowekwa nafasi kwa simu. Ilianza hapa mwaka 2019, ikagongana na wasimamizi wa leseni mwaka huohuo, na mwaka 2022 ikafunga. Wateja walikuwepo, wakipenda kiti cha uhakika na nauli isiyobadilika. Ni jambo ambalo sacco zenye leseni zingeweza kulichukua kesho, kama zingekuwa na uhakika kwamba gari litaondoka hata likiwa na viti vitupu. Uhakika huo tageti hauruhusu.

Basi linalojiandikia hesabu

Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilileta Nairobi mabasi mawili ya umeme ya kujaribia, aina ya BYD K6, viti 25, yanayoweza kwenda kama kilomita 250 kabla ya kuchajiwa tena. Baadaye kazi ya kuyaunganisha ilianza Mombasa, nami kama mtoto wa Kisauni sikuficha furaha. Umeme wa Kenya, karibu tisa kwa kumi, hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kwa hiyo moshi hauhamishwi tu kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la kituo cha umeme. Sehemu kubwa yake haipo kabisa.

Watu wengi huvutiwa na ukimya wa mabasi hayo. Mimi nilivutiwa na namna ya kulipa. Betri ndiyo sehemu ya gharama kubwa, hivyo mwenye gari hununua basi bila kubeba mzigo wa betri yote, kisha hulipia betri na chaji kwa kila kilomita anayokwenda. Ili hilo liwezekane, basi hutuma taarifa zake: limekwenda wapi, kilomita ngapi, limetumia umeme kiasi gani. Mwenye gari aliyezoea kudai 8,000 jioni bila kujua gari lilipita wapi, sasa anajua kila kona.

Hapa ndipo naona mlango. Tageti ilizaliwa kwa sababu mwenye gari haoni. Aliyekaa nyumbani hakuwa na njia ya kujua abiria walikuwa wangapi, basi akakata kiasi kimoja na kufumba macho. Nauli ikilipwa kwa nambari ya gari, na kilomita zikihesabiwa na basi lenyewe, sababu ya kufumba macho imekwisha. Mwenye gari anaweza kumwandikia dereva mkataba na mshahara, akajua anachokilipia. Na dereva mwenye mshahara hana haja ya kupanda ukingo wa barabara, wala ya kusubiri hadi kiti cha mwisho kijae. Gari linaweza kuondoka kwa saa. Likiondoka kwa saa, lile faili lililowatesa wanafunzi wa Digital Matatus linajazika kwa ukweli badala ya makisio, na abiria anaweza kuamini kinachosemwa na simu yake akaliacha gari lake nyumbani.

Mlango huo unaweza pia kufunguliwa upande mbaya. Mwenye gari anaweza kuona kila kitu na bado kudai tageti, akachukua pesa zote za simu na kuwaachia wafanyakazi hatari zote za barabara. Hapo atakuwa amenunua jicho la kumchunga makanga, na makanga atajua, na mashine zitaanza tena kuharibika. Ndiyo maana nasema leseni za mabasi mapya ziambatane na mikataba ya ajira, si na rangi ya gari peke yake. Sacco isiyoweza kuonyesha hati za mishahara isipewe njia mpya, hata kama programu yake imeshinda tuzo Geneva.

Nawe abiria una njia ya kujipimia. Safari ijayo, ukilipa kwa simu, lisome jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Likiwa la mtu, shilingi yako imeingia kwenye mpango wa zamani, na mwendo wa gari utakuonyesha hivyo. Likiwa la gari au la sacco, muulize makanga kama analipwa mshahara. Akikujibu ndiyo, panda gari hilo tena kesho, na uwaambie jirani zako nambari yake.